Kisiwa cha Mvita kwa miguu, kutoka kivuli hadi kivuli

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Mwezi wa nane nitakuja Mombasa kwa siku tatu pamoja na mama yangu wa miaka 67 na mwanangu wa miaka 10. Tunataka kuuona mji kwa miguu: Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za ndovu, bustani, na ule ukingo wa bahari wa Mama Ngina. Nimechora duara moja kwenye ramani ya simu, kuanzia feri kuzunguka mpaka feri tena, ikanipa kilomita 11 na saa mbili na nusu. Mama ana magoti, ila anasema atatembea. Mtoto anapenda meli tu, mengine hayamhusu. Je, duara hilo linawezekana kwa siku moja? Na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu kabla hamjaanza safari.

Duara lako linawezekana. Kijana wa miaka ishirini aliyekunywa maji vizuri atalimaliza na kujisifu. Lakini simu ilipokupa saa mbili na nusu ilihesabu hatua peke yake. Haikuhesabu jua la saa saba pale Digo Road, wala magoti ya mama, wala mtoto atakayeganda kila akiona mashua. Na haikulijua jambo ambalo mwenyeji yeyote analijua bila kufundishwa: kisiwani hapa mtu huenda kutoka kivuli hadi kivuli, na vivutio huvikuta njiani.

Nami nililijua kwa aibu. Nilipoanza kazi ya kutembeza wageni niliwachukua walimu kutoka bara, nikawatoa Ngomeni (ndivyo tunavyopaita Fort Jesus) saa sita kasoro, twende kwa miguu hadi Pembeni, yaani kwenye zile pembe kubwa za kutengenezwa zilizopita juu ya barabara. Ni kama kilomita mbili tu, nikajiambia, na njia imenyooka. Tulipofika nusu, mama mmoja mtu mzima akaketi kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu, akaniambia: "Mwanangu, nenda kaniletee hizo pembe hapa hapa." Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Nilimtafutia teksi, nikaghairi matembezi ya siku ile, na tangu hapo kila njia ninayoipanga naanza kwa kujiuliza kivuli kitakuwa wapi saa hiyo.

Kivuli cha maana kisiwani ni cha namna mbili. Kuna kivuli cha nyumba, Mji wa Kale, ambako ghorofa za mawe zimesogeleana hata roshani zinakaribia kusalimiana. Na kuna kivuli cha miti, hasa mibuyu ya Mama Ngina. Baina ya hapo na pale kuna mji wa lami: Nkrumah Road, Digo Road, Moi Avenue. Sehemu hiyo ivukeni kwa tuktuk, tena mpatane bei kabla hamjapanda. Hakuna atakayewacheka. Basi likate duara lako vipande, kila kipande kiwe na saa yake, na kile kirefu kuliko vyote kisizidi kilomita 3.

Mwezi wa nane mmechagua vizuri. Masika imekwisha, kusi bado inavuma lakini haina hasira ya Juni, na joto ni la kuvumilika. Mngekuja Februari, kaskazi ikiwa imepoa na jua limekaza, ningekwambia mama abaki Tanga.

Mtakuja kwa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, kwa hiyo mtaingia mjini kwa feri ya Likoni. Abiria hushuka kwenye basi, wakavuka kwa miguu, bure. Watu wengi hukiona kivuko kile kama adha ya kumalizwa upesi, lakini kwa mwanao matembezi yanaanzia pale. Mkitoka Likoni kwenda kisiwani, mkono wa kushoto ni bandari ya Kilindini na winchi zake, mkono wa kulia ni mlango wa bahari. Jina lenyewe linasema: kilindi ni maji marefu, na meli kubwa za makontena hupita hapo hapo mbele ya feri, feri ikizisubiri. Kupiga picha ndani ya feri ni marufuku, kwa hiyo simu ikae mfukoni, na kwa kweli katika msongamano ule ndipo mahali pake. Mkiweza, mfike katikati ya asubuhi au alasiri mapema. Alfajiri na jioni umati wa watu wa kazini hausubiri magoti ya mtu, na maji yakiwa yamepwa mteremko wa kushukia huwa mrefu zaidi.

Siku hiyo ya kwanza msifanye kitu mchana. Fikieni mahali penu, mle, mlale. Ikifika saa kumi jioni nendeni Mama Ngina.

Mamia ya wageni hushushwa Lighthouse, ule mwisho wa upande wa bahari kuu, na kutembea kuelekea feri. Nyinyi fanyeni kinyume: anzieni upande wa feri, muishie Lighthouse. Sababu ni ya jua na upepo tu. Jioni jua linashukia upande wa bandari, kwa hiyo ukielekea Lighthouse linabaki mgongoni, na kusi inakujia usoni kutoka baharini. Ukienda kinyume unapepesa macho njia nzima, huoni bahari wala anayekupita. Ni kama kilomita mbili na nusu, tambarare, na viti vipo.

Viti hivyo ni vya baada ya ukarabati. Mama Ngina ilifanywa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa za kitaifa zikafanyika pale pale mwaka huo. Wenyeji wa umri wangu tunanung'unika kwamba saruji imezidi, na kwamba zamani ulikuwa unaegemea mwamba na muhogo wako mkononi, hakuna lango wala ukuta. Ni kweli. Lakini mtu mwenye magoti hawezi kuegemea mwamba. Mama yako atapita pale kwa raha ambayo mama yangu mimi hakuipata.

Mibuyu yenyewe ina umri kuliko kila jengo lililo karibu nayo. Kaeni chini ya mmoja mnunue muhogo. Kuna wa kuchoma, hupasuliwa katikati ukapakwa pilipili na ndimu, na kuna ule wa vipande vyembamba, unaokatwa moja kwa moja kuangukia kwenye karai la mafuta, ukatolewa ukilia kama majani makavu. Madafu yapo kila hatua. Mwambie muuzaji kama unataka la maji matupu au lenye nyama, la sivyo atakuchagulia analotaka yeye liishe.

Kisha mngoje meli. Nakwambia mngoje, kwa sababu hii ndiyo saa ambayo mwanao ataikumbuka. Utaanza kuona watu waliokaa ukingoni wanageuza shingo wote upande mmoja, kuelekea bahari kuu. Kwanza hakuna kitu. Halafu nyuma ya ncha ya Ras Serani panachomoza kipande cha jengo jeupe, na kabla hujamaliza kukionyesha kwa kidole, meli nzima iko mbele yako, makontena mekundu na ya buluu yamepangwa juu kuliko nyumba ya ghorofa, inapita mlangoni taratibu huku injini ikitetemesha kifua. Mlango ni mwembamba, kwa hiyo inapita karibu kiasi kwamba unamwona baharia aliyeegemea chuma. Watoto wanapunga mkono, na mara nyingi baharia hujibu. Meli ikishapita, watu wakageuka kuendelea na mihogo yao, ndipo mawimbi yake yanapofika chini ya miamba na kupiga, dakika kadhaa baadaye, kana kwamba yalikuwa yamesahaulika. Mwambie mtoto asishuke miambani kuyafuata, hasa siku za bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3 siku hizo, na mwamba uliokuwa mkavu ulipokaa huwa hauko tena ulipoinuka.

Upande huu wa kisiwa zamani ulikuwa na mji wake, Tuaka, mbali na mji wa Mvita ulioko mnakokwenda kesho. Ndiyo maana hadi leo Waswahili wa Mombasa wanahesabiwa Taifa Kumi na Mbili katika mafungu mawili: Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa za upande wa pili. Ukisikia wazee wa Mji wa Kale wakitaniana kuhusu nani mwenyeji zaidi, utani huo una karne kadhaa.

Magharibi ikikaribia muwe mmefika Lighthouse. Pakiwa na watu hapana neno, lakini giza likishaingia na watu wakapungua msibaki mkitembea, na simu msizishike mkononi kama mnazionyesha. Panda tuktuk hapo. Ikulu iko jirani. Usielekeze kamera upande huo.

Siku ya pili ni ya Ngomeni na Mji wa Kale, na hapa nakuomba mniamini kuhusu saa. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi. Muwe mlangoni saa mbili, mahamri na mbaazi zikiwa tayari tumboni. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio hutofautiana baina ya raia na wageni.

Tarehe mtasomewa na kila mwongozaji: Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, Waomani waliizingira Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698, Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na 2011 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mama asipande ngazi zote. Amezingirwa na kuta za matumbawe, kiwanja cha ndani kina mahali pa kukaa kivulini, aketi hapo apumue. Wewe mpeleke mtoto kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni michoro ya askari wa Kireno, iliyochorwa ukutani juu ya lipu: meli, tena meli, milingoti na kamba zake, michoro ya watu waliochoka kungoja. Mtoto wa miaka 10 ataielewa kuliko sisi, kwani hivyo hivyo ndivyo anavyochora yeye mwishoni mwa daftari. Cha pili ni vitu vilivyotolewa kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama 1697, mita chache tu kutoka kwenye ngome hiyo hiyo. Wapiga mbizi waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980. Mwonyeshe vitu hivyo, kisha mtoe nje hadi kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa miaka ya karibuni chini ya ngome, umwambie: ilizama hapo. Mimi nimefanya hivyo na watoto wengi, na wote huuliza swali lile lile, kama bado kuna watu ndani.

Mkitoka, saa tatu na nusu hivi, pumzikeni kidogo bustani ya Treasury Square, ng'ambo tu. Ina miti, ina mabenchi, na ina sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch akaanzia Bagamoyo, kwenu huko, kabla ya kufuata reli hadi Uganda na maduka yake. Ni bustani ndogo, mfano wa Jamhuri Park ya Tanga bila ile bandari mbele yake. Dakika kumi zinatosha.

Halafu ingieni Mji wa Kale kwa Mbarak Hinawy Road, iliyopewa jina la aliyekuwa Liwali wa Pwani. Mitaa mikuu hapa imelala sambamba na ufuo, na nyumba za upande wa bahari ziko mashariki. Maana yake, asubuhi nyumba za baharini ndizo zinazotupa kivuli barabarani, na alasiri kivuli kinahamia upande wa pili. Tembeeni upande wa bahari. Saa sita jua likiwa utosini hakuna upande, kwa hiyo saa sita muwe mmeshaketi mahali mnakula.

Msiende haraka. Toka Ngomeni hadi Bandari ya Kale ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mwenye shughuli. Nyinyi jipeni saa nzima na zaidi. Mama akichoka, yapo mabaraza. Lile benchi la saruji lililoungana na ukuta wa nyumba ni la mwenye nyumba, lakini mtu mzima akitoa salamu na kuomba kupumzika hakuna wa kumwondoa. Pengine ataletewa maji. Namna ya kuvaa na kupita kwenye mitaa ya watu sina haja ya kumfundisha mtu wa Tanga.

Tazameni milango. Usitazame mlango mzima, utachoka na hutaona kitu. Chagua mmoja, usogee. Katikati, pale mabamba mawili yanapokutana, kuna mti ulionyooka kutoka juu hadi chini: huo ni mfaa, na fundi aliutia nakshi zake nzuri kwa kuwa ndio mgeni anaoukabili anapobisha hodi. Pitisha kidole kwenye mchongo wa chini, karibu na kizingiti. Utaona umelainika kuliko wa juu. Ni miguu ya watoto waliokaa pale, vizazi kwa vizazi, wakisugua visigino.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba bahari iko hatua chache na haionekani. Nyumba zimeipa mgongo. Unaisikia, unainusa, ukichungulia uchochoro unaona kipande cha buluu kama kitambaa kimeanikwa, kisha ukuta tena. Msikiti wa Mandhry mtaupita njiani. Unahesabiwa kuwa wa zamani kuliko yote mjini, husemwa ni wa 1570, na mnara wake mnene unaochongoka juu haufanani na mwingine wowote kisiwani. Baada yake barabara inafunguka ghafla kuwa uwanja, Government Square, na hapo ndipo bahari inajitokeza: Bandari ya Kale. Majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja hapa kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na watu wa mji walipanga hata harusi kwa kufuata misimu hiyo. Siku hizi mtakuta mashua za wavuvi na chombo kimoja kimoja cha mizigo. Mtoto aridhike.

Karibu na hapo kuna Leven House. Jina lake ni la meli ya Kiingereza, Leven, ya nahodha William Owen aliyefika 1824 akapandisha bendera ya Uingereza hapa bila hata kuagizwa na serikali yake. Alimwacha kijana wake mmoja, luteni Reitz, awe msimamizi. Kijana akafa kwa homa mwaka ule ule. Port Reitz, kule karibu na uwanja wa ndege, ni jina lake. Kila nikipita kwa matatu nikimsikia kondakta akiita "Port, Port!" namkumbuka maskini yule.

Rudini kwa Ndia Kuu. Angalia kibao: ndia, si njia. Ni Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa. Mji umebadilishwa majina ya barabara mara ngapi, la Mwingereza likatoka, la shujaa likaingia, lakini Ndia Kuu imebaki na lafudhi yake. Mkimsikia muuza kahawa msimpite. Humwoni kwanza, unasikia vikombe: ameshika viwili vya kauri katika mkono mmoja, anavigonganisha kwa vidole, ki-ki-ki, na dele la shaba mkono wa pili likiwa na makaa chini. Kahawa ni chungu, kikombe ni cha mafunda matatu. Mtoto mpe kashata.

Kama mama ana nguvu baada ya chakula, mpandishe tuktuk hadi Marikiti akanuse viungo, kisha Biashara Street kwa leso. Nyinyi mnasema kanga. Liko duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, wapo tangu 1887, na mtaa mzima ni maduka ya nguo. Hapo mama atasahau magoti kabisa, nimeshaona. Atasimama saa nzima akisoma majina ya leso moja baada ya nyingine, akatae mia kwa sababu rangi ni nzuri ila jina ni la kumchokoza jirani.

Pembe nimeziacha mwisho kwa makusudi. Zinapendeza kwenye picha, na picha ndiyo wanayoitaka nyumbani, basi nendeni. Lakini msiende kwa miguu. Jioni ya siku hiyo hiyo, tuktuk iwashushe bustani ya Uhuru iliyo kando yake, mpige picha, muondoke. Zilisimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Baba yake akafariki Februari 6 naye yuko Kenya, bara huko, akakatiza safari kurudi kwao kwa ndege huku meli yake Gothic ikimngoja Mombasa. Mwaka 1956, kwa ziara ya mdogo wake Margaret, zikaongezwa zikawa nne, na ndipo watu walipoanza kuona zinaandika herufi M juu ya barabara. Barabara hiyo ndiyo Moi Avenue, zamani Kilindini Road. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na vigari vidogo vya reli vinavyosukumwa na watu, kutoka mjini hadi Kilindini, bwana amekaa na mwamvuli, vijana wawili nyuma wanasukuma juani. Kwa hiyo hata wakati ule aliyekuwa na uwezo hakutembea njia hiyo.

Siku ya tatu tokeni kisiwani. Umeuliza bustani, na bustani kubwa ya kutembea haiko mjini, iko Bamburi: Haller Park. Matatu za kuelekea Mtwapa huvuka daraja la Nyali na kupita mlangoni. Mahali pale palikuwa shimo la machimbo ya mawe ya saruji, jeupe, la chumvi, lisiloota hata magugu. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti, na uliokubali ni mvinje. Mvinje ukaota, lakini majani yake makavu yakalala chini bila kuoza, rundo juu ya rundo. Kilichookoa kazi ni jongoo. Waliletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakala yale majani, mavi yao yakawa udongo, na udongo ukabeba miti mingine. Mkiwa kwenye njia inamisheni macho kabla ya kuyapeleka kwa twiga. Jongoo bado wapo, na mtoto akiwagusa wanajikunja kama kitufe.

Hapo ndipo mama atatembea vizuri kuliko mahali pengine pote. Njia ni tambarare, udongo ni laini chini ya mvinje, na upepo ukipita juu unatoa sauti ya mawimbi hata kama bahari iko mbali. Kobe wakubwa wa Aldabra wapo. Mmoja wao, Mzee, alijulikana dunia nzima baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale mtoto wa kiboko, Owen, alipookolewa baharini karibu na Malindi akaletwa hapa, akamkimbilia kobe yule na kulala ubavuni pake kama mama yake. Mzee ni dume, kwa taarifa yako. Anzeni asubuhi, mtoke saa tano, na kama mtoto bado ana moto, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, tunaouita Pirates, hauko mbali. Aogelee maji yakiwa yanajaa. Yakipwa atatembea nusu saa kwenye mwani kabla hayajafika magotini.

Viatu: mama avae raba au kandambili zenye kamba ya nyuma, kwa kuwa mawe ya Mji wa Kale yamelainika na maji ya kuoshea vibaraza humwagwa barabarani asubuhi. Maji ya kunywa, chupa moja kila mtu. Mwamvuli, na msione haya kuufungua.

Halafu siku ya kurudi, feri tena. Kutoka kisiwani kwenda Likoni mambo yanageuka: bahari kuu iko kushoto, bandari kulia. Mtoto asimame kulia.